Waya ya antena si kosa: tuachiwe kuita 9Q kutoka malupangu yetu

Wandugu wa Lubumbashi, wa Likasi, wa Kolwezi, na wewe uko mbali lakini masikio yako yangali huku,

Mutatuuliza juu ya nini vijana raia wanaandika leo juu ya redio, wakati bei ya unga inapanda, barabara za Katuba na Ruashi ni mashimo matupu, na mayi ya bomba inatoka usiku wa manane kama mwizi. Tutawajibu. Lakini acheni kwanza tueleze kitu chenyewe, maana hakuna aliyetufundisha, ata sisi wenye tulitoka iniversite na diploma ya elektronike mukononi.

Kuna wikendi ambapo Afrika inaitana hewani. South African Radio League, chama cha radioamatere wa Afrika ya Kusini kilichoanza mwaka 1925, kinaandaa mashindano yanayoitwa All Africa. Radioamatere (ndugu zetu wa Tanzania wanasema mtu wa redio ya ridhaa) ni raia wa kawaida mwenye kibali cha kusema hewani bila biashara na bila matangazo, kwa kujifunza na kujaribu mashine. Siku ya mashindano hahami nyumbani. Anakaa kwenye meza yake, anafungua mashine ya wati 100, yaani nguvu ya ile ampule moja ya zamani iliyokuwa inawaka mu saloni ya wazazi wetu. Waya yake imefungwa kwenye miti, na anaita. Mwenye kumusikia anamujibu. Wanapeana alama, 59 kama sauti inafika muzuri, kisha namba. Kila mumoja anaandika mu daftari lake, wanaagana, wanatafuta mwengine. Yote haipitishe nusu dakika.

Mwishoni madaftari yanatumwa kwa waandaaji na yanalinganishwa moja na lingine. Ukiandika mtu ambaye hukusema naye, utaonekana, maana jina lako halimo mu daftari yake. Tungependa na kura zetu zihesabiwe vile, lakini hiyo ni habari ya siku ingine.

Kila inchi iko na herufi zake hewani. Zambia iko na 9J, Tanzania 5H, Kenya 5Z (tunasema inchi ya Kenya, siyo komine yetu ya Kenya, ingawa na wale wa komine tungependa kuwasikia), Uganda 5X, Rwanda 9X, Burundi 9U, Angola D2. Wakati wa Wabelgiji huku tuliitwa OQ. Leo inchi yetu iko na fungu zima, kuanzia 9Q mpaka 9T, tulilopewa na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano kama vile mataifa mengine yote. Mu mashindano makubwa ya dunia sisi ni zone 36, pamoja na Zambia na Angola. Mu ramani ya viwanja ambayo waradio wote wanaitumia, Lubumbashi iko mu kiwanja KH38. Hizi herufi na hizi namba ni mali yetu kama vile mukuba ni mali yetu. Na kama vile mukuba, wenye kuzifurahia siyo sisi.

Tulisikiliza. Kusikiliza hakuombe mashine ya bei kali: redio moja ndogo ya mawimbi mafupi, batri, na waya. Tulikaa mu lupangu ya mama mumoja mu Katuba, wanne wetu, tukipokezana, na daftari ya shule. Mchana tulikuwa kwenye megahezi 14, usiku tukashuka kwenye 7, maana jua likitua njia ya hewa inabadilika: tabaka ya juu ya anga inayorudisha mawimbi chini haifanye kazi usiku sawa na mchana. Kuran ilikatika saa moja ya jioni. Tusiseme uongo, kwa redio ile ilikuwa baraka. Wakati kuran iko, machaja ya simu, televizio na ampule za bei rahisi za jirani zinalia hewani kama nyuki. Delestaji inapofika, mtaa unanyamaza, na ghafla unasikia mtu wa Johannesburg kama vile anakaa nyuma ya ukuta.

Tukasikia Afrika ya Kusini, wengi sana. Tukasikia jirani zetu. Tukasikia Wazungu wa Italia na wa Urusi wakiita Afrika, Afrika, kama mtu anayetafuta mtoto sokoni. Dada mumoja kati yetu aliandika zaidi ya mia moja ya majina mu daftari. Jina la mji huu halikuwamo. Mji wenye iniversite, wenye fakulte ya politekinike, wenye watu zaidi ya milioni, haukutoa ata sauti moja.

Watu watasema: Wakongo hawapendi mambo hiyo. Uongo. Mwaka 2010, inchi ilipotimiza miaka 50 ya uhuru, kituo cha pekee kiliita dunia kutoka Kinshasa kwa jina 9Q50ON. Wenye kukifanya walitoka Ubelgiji. Hatuwachukie, walifanya kazi yao muzuri, na jina la inchi yetu likaandikwa mu madaftari mengi ya dunia. Lakini fikirieni muzuri: siku ya kusherehekea kwamba tumejitawala, sauti ya 9Q inatoka mu kinywa cha nani? Miaka inapita, na tungali tunaombwa kupiga makofi.

Sasa tuseme ile iliyotufanya tuandike.

Juma moja kabla ya mashindano ya mwisho, waya yetu ilikuwa tayari. Meta 20 hivi, ikakatwa katikati, kila upande meta 10, katikati imeinuliwa juu ya muti wa maembe, ncha mbili zinashuka mpaka kwenye ukuta. Hiyo njo antena ya megahezi 7, hesabu yake mtoto wa sekondari anaweza kuifanya: unachukua 142 na nusu, unagawanya kwa megahezi, unapata meta. Ilikuwa ya kusikiliza tu. Mashine ya kusema hatuna, na ata tungekuwa nayo hatungeifungua bila kibali, tunajua sheria. Saa kumi ya jioni wakaingia watu watatu waliosema ni wa usalama. Hawakuonyesha karatasi.

"Hii nsinga mulifunga ya nini? Munaongeaka na banani?"

Mwenzetu akawaonyesha redio. Haina pahali pa kusemea. Haina maikrofoni. Akafungua daftari ya shule, akawasomea majina na saa. Daftari njo ikaharibu kabisa, kwa sababu 9J2 na ZS6 machoni pao zilikuwa lugha ya siri. Wakavuta waya mpaka tawi la muti likavunjika, wakabeba redio, na wakaomba mafranga ya transpor, ndiyo, transpor ya kubebea redio yetu. Mama mwenye lupangu, mjane wa miaka sitini na zaidi, akawaambia: "Batoto bangu banasikilizaka tu, sasa kusikia nayo ni kosa?" Wakamuita kwa mkutano wa kesho yake, akakaa kwenye kiti kuanzia asubuhi mpaka jioni bila kuulizwa kitu. Redio haijarudi mpaka leo.

Hatutaji ofisi. Hatutaji majina. Tunayo majina mawili, na wenyewe wanajua. Tunachotaka kwanza ni redio, na pili ni mtu wa kuomba mama yule msamaha mbele ya majirani zake, maana mu mtaa wetu mtu akiitwa na usalama, watu wanaanza kuogopa kununua mboga kwake.

Wengine mutasema: basi muombe kibali, mufanye mambo kwa njia yake. Tulifanya. Kabla ya ile yote, tulienda kwenye ofisi moja ya serkali mu mji, na barua iliyopigwa, na foto, na kopi za diploma. Mara ya kwanza: "Mukubwa haiko." Mara ya pili mukubwa alikuwako, akauliza: "Munataka kufungula redio ya kanisa?" Tukaeleza. Akasikiliza na adabu, tunamushukuru. Kisha akatuambia bei ya kufungua kituo cha matangazo cha FM, ile ya wenye kuuza publisite. Tukaeleza tena kwamba hatutangaze, hatuhubiri, hatuuze. Akasema: "Kama hamuuze, munataka nini?" Mara ya tatu tukaambiwa twende Kinshasa.

Kinshasa! Chukueni ramani. Kutoka Lubumbashi mpaka Kinshasa kwa mstari wa ndege ni zaidi ya kilometa 1,500. Kutoka Lubumbashi mpaka Nairobi ni karibu sawasawa. Kwa waya ya meta 20 na nguvu ya ampule moja, sauti yetu ingefika Nairobi usiku wa leo bure. Lakini tupate ruhusa ya kuita Nairobi, sharti kwanza tulipe ndege ya kwenda Kinshasa, hoteli ya Kinshasa, na uvumilivu wa Kinshasa. Kijana asiye na kazi, anayekula mara moja kwa siku kwa dada yake, anaambiwa apande ndege aende kuomba karatasi ya mambo asiyopatia franka.

Tuzungumze sasa juu ya usalama, maana kila mara tukifungua kinywa njo neno wanatutupia.

Tunajua inchi hii iko na vita. Tunajua mashariki watu wanakufa, na hatuchezi na jambo hilo. Lakini mupelelezi gani, muasi gani, atachagua njia ambayo kila mtu duniani anaweza kuisikia? Kanuni za kimataifa za redio zinasema wazi kwamba radioamatere wakisema kutoka inchi moja mpaka ingine hawaruhusiwe kuficha maana ya maneno yao. Hakuna fumbo. Kila mumoja anataja jina lake la hewani, na jina hilo liko mu orodha ya serkali, na anwani, na foto. Mwenye kibali ni mtu wa kwanza serkali inaweza kumupata! Mwenye kujificha yuko na simu tatu na programu za kufunga ujumbe, na hakuna aliyekuja kuvuta waya yake. Walinzi wenye tokitoki wako kila kona ya mji na kwenye migodi. Hakuna anayewauliza wanaongea na banani. Kwa hiyo tatizo siyo redio. Tatizo ni nani anaishika. Mlinzi wa tajiri akiishika ni kazi, kijana wa Katuba akiishika ni njama.

Na tena, usalama wa nani? Ulizeni wa Haut-Uélé. Wakati LRA ilikuwa inachoma vijiji kule, Kanisa na wenye kusaidia waliweka redio za mawimbi mafupi mu parokia na vijiji, watu wapate kuonyana asubuhi na jioni: wamepita huku, wameelekea kule. Kule simu haikufika. Redio njo ilikuwa usalama. Kanuni hizo hizo za kimataifa zinaomba kila inchi iache radioamatere wake wajitayarishe kusaidia wakati wa maafa. Tuko na Nyiragongo, tuko na mafuriko, tuko na mito inayomeza mashua. Hatuna radioamatere wa kutosha ata kujaza meza moja.

Sasa wazee, tunawageukia ninyi. Munasahau haraka. Munakumbuka fonie? Miaka ya Zaire, simu za serkali zilipokufa, inchi nzima iliishi kwa fonie. Kila parokia ilikuwa nayo, kila mfanyabiashara mkubwa, kila kampuni ya kubeba mizigo. Mtu alienda kupanga mustari asubuhi mapema, analipa, anangoja mtu wa Kamina au wa Manono aitwe, na akianza kusema, mustari wote unasikia kwamba mtoto amezaliwa au kwamba pesa ya mahindi imeliwa. Siri haikuwa. "Unanipata? Tia roja!" Wale waendeshaji wa fonie walijua saa gani njia ya Kinshasa inafunguka na saa gani inafungwa, walijua kwamba novemba radi inajaza hewa kelele ya mafuta ya kukaanga, na hakuna profesa aliyewafundisha. Hiyo ilikuwa ni elimu. Simu za mukononi zilipoingia tukaitupa, mashine zikauzwa kama vyuma, waendeshaji wakazeeka bila kuulizwa kitu. Wangali hai wachache. Mumoja wao anatufundisha kusikiliza Morse kwa kugonga kijiko juu ya sahani, na anatuchapa na maneno tukikosea.

Kisha tarehe 31 Desemba 2018 ikafika. Siku moja baada ya uchaguzi, serkali ikakata intaneti na SMS mu inchi nzima, na ikatuacha vile karibu siku 20. Simu zote nzuri zikawa saa za mukononi na tochi. Wenye kumbukumbu walisema siku zile: kama tungekuwa na fonie zetu! Tusieleweke vibaya: redio ya ridhaa siyo ya siasa, sheria yake inakataza, na tutaiheshimu. Hatuombe kibali ili kuhesabia kura hewani. Tunasema tu kwamba inchi iliyoweka sauti yake yote mu mikono ya makampuni machache ya simu inaweza kunyamazishwa na barua moja. Na ile hewa ya makampuni tunailipia kila siku; tumelipia ata kumiliki simu yetu wenyewe. Mumesahau RAM? Kuanzia mwaka 2020 initi zetu zilikuwa zinayeyuka kwa jina la rejista ya simu, mpaka raia wakapiga kelele na mwaka 2022 ikafutwa. Kwa RAM, serkali ilipata njia ya kufikia kila mufuko mu kila kijiji bila kuambia mtu aende Kinshasa. Kwa kukata pesa ofisi iko mu mufuko wako. Kwa kukupa haki yako ofisi iko kilometa 1,500.

Turudi kwa swali la mwanzo, ile ya unga na mayi. Tunalisikia hata ku nyumba: "Batoto, hiyo ni mchezo ya bazungu, mutafute kazi." Tata, mama, tunawaheshimu. Kazi tumetafuta. Tumeacha CV kwenye mageti ya makampuni ya migodi mpaka walinzi wanatuita kwa majina. Tunaambiwa: hamuna ekisperiansi. Ekisperiansi inatoka wapi? Mtu aliyepima waya yake mwenyewe, akajenga kipimo cha antena na vipande vya redio zilizokufa, akajua juu ya nini batri ya volti 12 inashuka wakati anaita, akajifunza kusoma anga na jua, huyo yuko na ekisperiansi ambayo politekinike yetu haikuweza kutupa, kwa sababu laboratwari ilikuwa na ufunguo na ufunguo ulikuwa na mtu na mtu alikuwa safarini. Wangapi wanaojenga minara ya simu mu Katanga ni watoto wa hapa? Tunaleta fundi kutoka mbali kuja kukaza skuru juu ya mlingoti, halafu tunasema vijana hawana kipaji.

Na mchezo ya bazungu, hapana. Hii hewa ya Lubumbashi ilitumiwa kabla ya vita ya 1914, Robert Goldschmidt, Mubelgiji, alipoagizwa kujenga mlolongo wa vituo vya telegrafu bila waya kutoka upande wa bahari mpaka huku, Elisabethville. Nani alikata miti? Nani alibeba milingoti mabegani? Babu zetu. Zaidi ya miaka mia imepita tangu mawimbi ya kwanza yaruke juu ya kichwa chetu, na tungali watu wa kubeba mlingoti.

Halafu muangalie ndani ya mashine yenyewe. Waya ni mukuba. Koili ni mukuba. Ndani ya elektronike kuna tantali, inayotoka mu koltani, na udongo wetu unayo. Batri za leo ziko na kobalti, na sehemu kubwa kupita zote ya kobalti ya dunia inachimbwa hapa, Haut-Katanga na Lualaba. Jimbo hili liliitwa Shaba kuanzia 1971 mpaka 1997, jina lenyewe la waya! Malori yanapita Kasumbalesa mchana na usiku, yamebeba mukuba tani kwa tani, na hakuna anayeyauliza "hii nsinga ni ya nini". Mukuba hiyo inaenda, inafanywa waya, inarudi mu sanduku, tunaiuziwa kwa dola, tunaifunga juu ya muti wa maembe, na hapo ndipo inakuwa hatari kwa usalama wa taifa. Meta 20.

Ni sawa na kuran. Mustari wa Inga mpaka Kolwezi, karibu kilometa 1,700, uliisha mwanzoni mwa miaka ya 1980. Unapita juu ya vijiji vinavyolala mu giza, kwa sababu ulijengwa kwa ajili ya migodi. Tumezoea vitu kupita juu ya kichwa chetu. Mawimbi nayo yanapita juu ya kichwa chetu. Tofauti ni kwamba mawimbi, ukiwa na waya, unaweza kuyashika bila kuomba muinjinia wa kampuni.

Wengine wetu watasema bei. Kweli, mashine ya kusema na kusikia iliyotumika inaweza kufika dola mia nne au tano, na hatunazo. Lakini kuna za wati 5 ambazo mtu anajiunganishia mwenyewe, na wati 5 za Morse zinavuka bara. Tangu 2017 kuna namna inayoitwa FT8, iliyotengenezwa na Joe Taylor, profesa wa Marekani aliyepata Nobel ya fizika mwaka 1993, na mwenzake Steve Franke. Kompyuta inasoma ishara iliyozama ndani ya kelele, ile ambayo sikio haliwezi kuisikia, na programu yake ni ya bure. Na Morse yenyewe, tangu 2003 kanuni za dunia haziilazimishe tena; kila inchi inajiamulia. Mlango umepanuliwa kila upande. Mahali pekee ambapo umefungwa ni kwenye dirisha la ofisi.

Basi tunasema hivi kwa wenye kusimamia mawasiliano mu inchi, na tunasema mbele ya kila mtu ili asiwepo wa kusema hakusikia. Inchi iko na sheria mpya ya mawasiliano tangu tarehe 25 Novemba 2020. Tunaomba ifuatiwe na karatasi moja inayoeleweka, iliyobandikwa ukutani mu Lubumbashi, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili: radioamatere anaomba nini, analipa ngapi, anangoja siku ngapi. Mtihani ufanyikie huku. Mu iniversite kuna vyumba, kuna walimu, na sisi tutabeba viti. Bei iwe ya mtu asiyefanya biashara, isitoke mu kitabu cha bei za vituo vya FM. Na mtoto wa sekondari mwenye kutaka kusikiliza tu, asiombwe karatasi yoyote na asivutiwe waya na mtu yeyote.

Kwa wenye kujiita usalama: mukija, muje na karatasi, na mukae. Tutawapa kiti na sikio moja la kaske. Muna haki ya kusikia kila tunachosikia, njo sababu ya kitu hiki kuwa wazi. Usiku saa tatu kwenye 7 mutasikia mtu akiita, na mutaandika jina lake mu daftari kama sisi, na labda mutarudi kesho yake bila kutumwa.

Kwa wandugu wa Ndola, wa Lusaka, wa Dar es Salaam, wa Nairobi na wa Kampala wenye vibali vyao: tunawasikia. Mukiita wikendi ya mashindano, mugeuze sikio pia kwa upande wa KH38. Na mutuandikie namna mulivyopata vibali vyenu, bei yake na muda wake, tuipeleke mbele ya wale wanaotuambia haiwezekane.

Kwa vijana wa mji: jumamosi saa nane mchana, mu Katuba, yule mzee wa fonie anafundisha. Bure. Mulete daftari, na mwenye kuwa na redio ya zamani ya baba yake yenye mawimbi mafupi, asiitupe, ailete ata kama imekufa. Dada zetu pia, tena kwanza ninyi. Daftari iliyojaa kupita zote ilikuwa ya dada.

Waya ingine tumekwisha kununua, meta 21, kwa kuchangishana. Mama mwenye lupangu amesema tawi lililovunjika halina shida, muti uko na matawi mengi, na tumefunga ile mpya juu zaidi, pale ambapo mtu mwenye viatu vya kuogopesha hawezi kupanda. Kitu kimoja tu kinakosa, ile redio. Walioibeba wanajua lupangu.

Imeandikwa Lubumbashi,
vijana raia wenye diploma, wasio na kazi, wenye masikio